Viraka Kumi Mguu wa Kushoto

Maisaka, Babati
Jumapili jioni

Dada yangu Agnesi,

Shikamoo. Shikamoo mara mbili, maana ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya kukuomba radhi kwa ukimya wangu. Hamjambo hapo Masasi? Goti lako linaendeleaje? Tekla ameacha kukohoa? Na shemeji, alipata mbegu za karanga au alizungushwa tena mpaka mvua zikapita? Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, dada, kwa sababu mengine si mazima hata kidogo.

Nakuomba usiisome barua hii kwa sauti pale barazani kama ulivyozoea, huku majirani wamekaa wanasikiliza na kucheka. Isome peke yako, kisha uiweke kwenye sanduku la marehemu Mama, chini ya nguo. Posta sikuitia. Anakuja nayo muuguzi mmoja wa hapa, mtu wa Newala, anakwenda likizo na anaondoka Jumanne alfajiri. Atakupa mkononi.

Dada, naogopa. Unanijua, mimi ni yule yule aliyekuwa akilia akitumwa kuwarudisha bata wa jirani, lakini safari hii sioni haya kuogopa. Kesho saa tatu asubuhi nimeitwa mbele ya mkubwa wa msako wa walanguzi. Nimeambiwa niende na jozi kumi za viatu na nieleze zilikotoka. Nikishindwa kueleza nitaandikwa mhujumu uchumi. Waliokwisha kuandikwa hapa mjini walipakiwa kwenye lori mchana kweupe, wake zao wakikimbia nyuma na mabakuli ya chakula, na mpaka leo hakuna anayejua wamefikia wapi.

Najua unasema, Damiani huyu na viatu jozi kumi, wapi na wapi? Ngoja nianze mwanzo.

Nilikwambia katika barua ya zamani kwamba, mbali na kazi yangu ya ukarani kule idara ya maji, mimi ndiye mwalimu wa timu ya mpira wa kikapu ya hapa mjini. Nilichokuficha ni kwamba timu yenyewe ni mbovu. Tumefungwa na kila mtu. Tumefungwa na wanafunzi, tumefungwa na walimu wa hao wanafunzi. Uwanja wetu ni wa udongo, ringi zake fundi alizikunja kutoka kwenye vyuma vya pipa, na mpira una kiraka kinachoufanya udunde upande. Vijana ni warefu, wengi wametoka huko juu Mbulu, wanaruka vizuri, lakini wanaruka tumbo tupu. Unga tunaoupata siku hizi ni ule wa njano, na wenyewe kwa foleni.

Mtu aliyetushika mkono miaka yote hiyo ni mmoja tu, Mzee Athumani Ramadhani, mwenye duka la nguo na viatu karibu na soko. Watu wote walimwita Baba Mwanaidi, kwa jina la binti yake. Mpira wenyewe hakuuelewa. Kikapu alikiita goli mpaka amekufa. Alikuwa akisimama pembeni na tasbihi yake, kanzu ameikunja ili isiguse vumbi, anapiga kelele, "Mpeni yule mrefu! Mbona hamumpi mrefu?" Wote walikuwa warefu, kwa hiyo hakuna aliyejua anasemwa nani. Kila tulipofungwa alituita nyuma ya duka tunywe chai na mihogo. Nilimwuliza siku moja kwa nini hatuiti tukishinda. Akanijibu, "Mkishinda mnashiba wenyewe, mwalimu."

Mipira miwili ni yeye aliyeinunua. Kijana mmoja wetu alipovunjika mkono, ni yeye aliyempandisha lori na kwenda naye hospitali, akakaa naye siku tatu duka limefungwa. Hakutaka hata tuiandike timu kwa jina lake.

Sasa, kabla hajafa kama wiki mbili hivi, aliniita dukani. Alikuwa amekwisha kukonda kwa ule ugonjwa wake wa moyo. Akanipa katoni imefungwa kamba, akaniambia niende nayo kwangu, nisiifungue mpaka siku ya mechi yetu na timu ya Bonga. Nikamwuliza kwa nini nisiwape vijana leo. Akasema, "Ukiwapa leo, watalimia." Nilipofika kwangu niliifungua, dada, nisamehe. Zilikuwa raba mpya, jozi kumi, kila moja saizi yake, na kila jozi imechomekwa karatasi yenye jina la mchezaji. Nililia. Sisi tunacheza pekupeku na makatambuga ya tairi. Nikaisukuma katoni chini ya kitanda, nikawa nasubiri siku ya mechi kwa furaha.

Kisha msako ukaanza.

Siwezi kukueleza mji ulivyogeuka. Watu walioringia vitu vyao mwezi uliopita, leo wanavikana. Jirani yangu alizika miche mitatu ya sabuni shambani, mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi shamba lake limejaa povu na yeye anakimbia huku na huku na jembe akilifukia. Wanasema wengine wametupa majora ya khanga ziwani, na sasa viboko wa Babati ndio wanaovaa vizuri kuliko wake zetu. Tulicheka siku moja. Siku ya pili lori lilipita na kicheko kikakauka.

Katikati ya hayo Mzee Athumani akafa. Ugonjwa ulimmaliza, lakini mjini ukaanza mnong'ono kwamba amekufa kwa woga, kwamba kuna vitu alivificha. Nami nilikuwa na katoni ya duka lake chini ya kitanda.

Nilikwenda mazishini. Hapa, dada, kabla Waislamu hawajanyanyua jeneza, sheikh huwauliza waombolezaji mbele ya nyumba: mnamshuhudia vipi huyu ndugu yetu? Watu hujibu kwa pamoja, ni mtu mwema. Nimehudhuria mazishi ya watu wachoyo kabisa na nimesikia uwanja mzima ukiitikia. Siku ya Mzee Athumani sheikh aliuliza, na uwanja ukawa kimya. Zikatoka sauti tatu nne hivi za wazee wenzake. Wengine tulitazama chini, maana pale nje ya ua walikuwa wamesimama watu wawili tusiowajua, wamevaa suti za Kaunda kama watu wa serikali. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na ua. Nilijitetea moyoni kwamba mimi ni Mkristo, haya ni mambo yao. Lakini si Ukristo uliofunga mdomo wangu. Ilikuwa ile katoni.

Wiki tatu zikapita bila kulala vizuri. Siku ya mechi ilipokaribia niliwaita vijana, nikawaonyesha. Badala ya kushangilia walirudi nyuma wote kana kwamba nimefunua nyoka. Viatu vipya siku hizi ni ushahidi. Mmoja akasema tuvitupe ziwani. Ndipo mimi, mwenye akili zangu, nikatoa wazo. Nikasema, kosa la viatu hivi ni upya wake. Tuvizeeshe!

Basi Ijumaa mchana tulikaa nyuma ya chumba changu, tukavifanyia viatu vile mambo ambayo hata sasa naona aibu kuyaandika. Tulivisugua na majivu. Tulivivaa tukaenda kuvikanyagisha tope la ziwani. Tulivichana kamba. Na Tluway, mchezaji wetu mrefu kuliko wote, ambaye riziki yake ni kushona viatu pale sokoni, akasema kiatu cha zamani lazima kiwe na kiraka. Akakata ngozi, akashona kiraka kimoja kwa kila jozi. Tulipomaliza, vilionekana vya miaka mitano. Tulijipongeza.

Jana Jumamosi tukaenda uwanjani. Hatukujua mgeni rasmi atakuwa nani. Alikuwa ni yule mkubwa mwenyewe wa msako. Tulipopangwa mstari tusalimiwe, alianza kutupa mkono mmoja mmoja, kisha akasimama. Akawa anatazama chini. Nami nikatazama chini, na hapo ndipo nilipoona.

Dada, viraka vyote kumi vilikuwa mguu wa kushoto. Vyote penye kidole kidogo. Ukubwa mmoja, ngozi moja, uzi ule ule mwekundu.

Mkubwa akauliza taratibu, "Timu hii mna viraka vya sare?"

Watazamaji wakacheka. Sisi hatukucheka. Akauliza mwalimu ni nani, nikasogea. "Viatu mmepata wapi, ndugu?"

Nikasema, "Tumechanga, ndugu mgeni rasmi."

"Mmechanga mkanunua duka gani?"

Dada, hakuna duka lenye viatu kuanzia hapa mpaka Arusha. Akasubiri, akatabasamu kidogo, akasema, "Jumatatu saa tatu. Uje navyo vyote." Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake kutazama mpira.

Na tukacheza. Sijui tulichezaje. Vijana walikimbia kama wanaofukuzwa, hakuna aliyethubutu kusimama karibu na upande aliokaa mgeni rasmi, kwa hiyo mpira wote ulikuwa upande wa pili, penye kikapu cha Bonga. Timu ambayo hutufunga kwa vikapu ishirini, jana ilitufunga kwa kimoja tu. Baada ya mechi nilimshika Tluway, nikamwuliza ilikuwaje. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilishona tu vile ninavyoshonaga. Wateja wangu wote wanararuka pale pale kwa kidole."

Leo baada ya Misa nilikwenda nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Mama Mwanaidi, yuko kwenye eda, hawezi kuonana na mwanamume asiye wa nyumba yake. Binti yake aliniwekea kigoda ukumbini, akakaa mlangoni, na mama mwenyewe akawa nyuma ya pazia. Sikuwahi kuzungumza jambo zito na mtu nisiyemwona usoni.

"Shikamoo, Mama Mwanaidi."

"Marahaba. Ni mwalimu wa mpira? Mlishinda?"

"Tulifungwa, mama. Kwa kikapu kimoja."

"Kimoja tu? Marehemu angechinja."

Nikamweleza yote, majivu, tope, viraka. Akauliza kama anayetaka kuhakikisha, "Mmezichana? Raba mpya?" Nikasema tumezichana. Nikasikia anacheka, anacheka mpaka anakohoa, na Mwanaidi pale mlangoni naye akafunika mdomo na upande wa khanga. Kisha kicheko cha mama kikabadilika, sikujua niangalie wapi.

Alipotulia akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila mzigo wa raba ulipofika, watu walipanga foleni na kila kaya ikapata jozi moja, na nyumba ya mwenye duka nayo ilikuwa na haki ya jozi yake kama kaya nyingine. Ile jozi ya nyumba yake ndiyo aliyokuwa akiiweka kando, mzigo kwa mzigo, mpaka zikafika kumi. Hakuna aliyenyimwa kiatu kwa ajili yetu ila mkewe na binti yake.

"Nilimwuliza, Baba Mwanaidi, na miguu yetu je? Akaniambia, ninyi hamrukiruki."

Nilitazama chini ya pazia. Niliona miguu yake, na kandambili zilizofungwa kwa waya.

Nikamwuliza nisemeje kesho. Nikimtaja marehemu, watakuja kupekua nyumba hii, na jina lake litaandikwa pamoja na majina ya walanguzi. Nikisema tumechanga, hakuna atakayeniamini na nitapanda lori. Kisha akasema, "Siku ile ya kumtoa marehemu, sheikh alipowauliza, mimi nilikuwa humu ndani, dirisha liko wazi. Nilihesabu sauti. Zilikuwa nne. Yako sikuisikia, mwalimu."

Nikakisogeza kigoda nyuma.

"Sikulaumu," akasema. "Kila mtu anaipenda roho yake. Lakini kesho usiseme mmechanga. Ukisema mmechanga, itakuwa yeye hakutoa kitu."

"Na wakija kupekua, mama?"

"Waje. Watamkuta mjane."

Nimerudi chumbani nimefunga mlango ingawa kuna joto, naandika. Vijana nimewaambia saa ya kwenda. Hakuna aliyesema atakuja, na siwalaumu. Nitakwambia kweli, tangu mchana nimeliangalia begi langu mara tatu. Nimewaza kupanda basi la Dodoma nije zangu nyumbani. Nimewaza kuvitosa viatu ziwani. Nimewaza kusema nimeviokota. Niombee. Nitaimalizia kesho, kama nitakuwa na mkono wa kuandikia.


Jumatatu, saa nane mchana

Dada, nimerudi. Nakuandikia hilo kwanza ili upumue.

Nilitoka na gunia la viatu begani. Njiani watu walihama upande wa barabara waliponiona, kwa maana habari zilikwisha kuenea. Nilipofika ofisini nikamkuta Tluway amekaa kwenye benchi, amevaa shati lake la Misa, miguu mitupu. Alisogea nipate nafasi. Wengine tisa hawakuja. Tulikaa tangu saa tatu mpaka saa tano. Mbele yetu aliingia mzee mmoja na mifuko miwili ya chumvi, hakutoka kwa mlango ule tena.

Tulipoitwa, mkubwa alimwaga viatu juu ya meza, akavipanga vya kushoto peke yake. Karani alikuwa pembeni na kalamu.

"Juzi ulisema mmechanga."

"Nilidanganya, ndugu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi," nikasema. "Vilitoka kwa Mzee Athumani Ramadhani."

Mkubwa akaweka kalamu yake chini. Akasema ndani ya siku saba mimi ni mtu wa tatu kumletea jina la mtu aliyekwisha kufa. Kila anayekamatwa na kitu anasema kilikuwa cha mtu aliyekwisha kuzikwa, kwa sababu aliyezikwa haji kukanusha. Dada, hilo sikuwa nimeliwaza. Kumbe kumtaja kwangu kulikuwa kunafanana na kumtupia maiti mzigo wangu.

Nikasema, "Hakuniuzia, ndugu. Wala hakunipa nimfichie. Alitupa bure."

"Bure? Siku hizi?"

"Bure. Ni mgao wa nyumba yake mwenyewe. Mke wake anavaa kandambili za waya."

Hapo Tluway, ambaye hajawahi kusema maneno kumi mfululizo tangu nimjue, akafungua mdomo. "Na mihogo pia, mkubwa. Tukifungwa alikuwa anatupa mihogo na chai. Tulifungwa mara nyingi. Hiyo mihogo nayo uandike."

Mkubwa alimtazama, akanitazama mimi. Akauliza kama nina hakika nataka jina hilo liandikwe, pamoja na langu, kwenye karatasi moja. Dada, nilitaka kusema sina hakika. Nilikuona wewe umekaa barazani, nikaliona lile lori. Nikasema, "Andika."

Karani akaandika. Nikatia sahihi, Tluway akatia dole gumba. Viatu vimebaki kwa uchunguzi. Nimekatazwa kutoka Babati bila ruhusa, na nimeambiwa nitaitwa tena. Lini, hawakusema. Kwa hiyo usifikiri yamekwisha. Kila nikisikia gari linapunguza mwendo, naenda kuchungulia dirishani.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwa Mama Mwanaidi. Tluway alibaki uani, nikakaa kwenye kigoda.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja, mama."

"Kwa jina lake?"

"Athumani Ramadhani, mwenye duka. Karani ameandika kwamba alitoa bure."

Pazia halikutikisika. Ndipo akasema, "Basi sasa amezikwa."

Sikuweza kukaa zaidi. Nilitoka nikampita Tluway, naye akanifuata.

Nisalimie shemeji Baba Tekla, mwambie ahadi yangu ya kumletea shoka siisahau. Nisalimie mdogo wetu Rozi, aache kuniandikia barua za kuomba viatu. Msalimie katekista aliyenifundisha kusoma, aniweke kwenye nia za Misa bila kunitaja jina. Bibi mwinamie umpe shikamoo yangu sikioni, na habari za lori usimwambie kabisa. Yeye mwambie tu kwamba nacheza mpira na tulikaribia kushinda.

Saa kumi nina mazoezi. Sijui watakuja wangapi, na watakaokuja watacheza pekupeku.

Mimi mdogo wako, bado niko Babati, bado naogopa,

Damiani